Kukariri mazungumzo au kutumwa sokoni? Kwa mwalimu anayeanza darasa la kuzungumza

Mwalimu mwenzangu kaniuliza swali ambalo nami niliishi nalo miaka mingi. Amepata darasa la wageni wanaojifunza Kiswahili, watu 12, dakika 90 kila siku, somo la kuzungumza tu. Sarufi ina mwalimu wake, kusoma na kuandika kuna mwalimu wake. Yeye kaachiwa achague mwenyewe namna ya kuwafungua watu midomo, na mbele yake ana njia mbili. Ya kwanza ni ile tuliyoikuta: mwalimu anaandika mazungumzo ya dukani, ya hotelini, ya kwa daktari, wanafunzi wanayakariri, wanayaigiza wawili wawili, wanabadilishana nafasi mpaka ulimi ulainike. Ya pili ni kuwatuma: kanunue, kaulize, kapatane bei, rudi utueleze ulichokipata.

Nimefundisha Unguja kwa njia zote mbili. Nilianza na kukariri peke yake, nikaja nikaiacha kwa hasira na kuhamia kwenye kazi za kutumwa peke yake, kisha nikarudi nusu ya njia. Kwa hiyo jibu langu si la mtu aliyesoma tu. Kila upande umeniumiza kwa namna yake.

Pono wawili wa Darajani

Mwaka wangu wa mwanzo nilikuwa na mwanafunzi, daktari kutoka Ujerumani, aliyekariri kuliko wenzake wote. Mazungumzo ya sokoni aliyajua pande zote mbili, ya mnunuzi na ya muuzaji, na matamshi yake yalikuwa safi hata nikawa namwita mbele awaonyeshe wenzake. Siku moja tukaenda Darajani, soko lile la tangu 1904. Akasimama mbele ya muuza samaki, akasema vizuri kabisa, "Samaki huyu bei gani?" Katika karatasi niliyowapa, muuzaji hujibu, "Samaki huyu ni shilingi elfu tano." Muuzaji wa kweli alimtazama, akanyanyua pono wawili, akasema, "Chukua na mwenzake, nipe kumi, mambo yaishe."

Daktari alinyamaza. Kila neno alilijua: chukua, mwenzake, nipe, kumi. Lakini hakuna lililokuja mahali alipolitegemea. Hiyo "kumi" haikuja na shilingi wala elfu. Akanigeukia mimi, na mimi nikamharibia zaidi kwa kumtafsiria.

Hapo ndipo nilipoiona kasoro ya kukariri. Mazungumzo yaliyoandikwa humfundisha mtu kusema zamu yake tu. Zamu ya mwenzake haisikilizi, kwa sababu anaijua tayari. Na sehemu kubwa ya kuzungumza ni kusikia jambo usilolitarajia na kulijibu kabla mtu hajakupa mgongo. Njia hii ya kukariri ilishika nguvu mwaka 1943, Jeshi la Marekani lilipohitaji askari waseme lugha za mbali kwa haraka: vikundi vidogo, mzawa wa lugha mbele, sentensi inarudiwa mpaka itoke bila kufikiri. Baada ya vita ikaenea vyuoni kwa hoja kwamba lugha ni mazoea, na mazoea hujengwa kwa kurudia. Mwaka 1959 Noam Chomsky, mtaalamu wa isimu wa Marekani, aliishambulia hoja hiyo. Watu, alisema, kila siku husema na kuelewa sentensi ambazo hawajapata kuzisikia. Muuza samaki wa Darajani alinionyesha jambo hilohilo mchana kweupe.

Nilipoamua kuwatuma

Nikazitupa zile karatasi. Nilikuwa nimesoma habari za N. S. Prabhu, aliyeongoza jaribio la kufundisha Kiingereza katika skuli za kusini mwa India, Bangalore, kati ya 1979 na 1984. Watoto hawakufundishwa sarufi wala hawakukaririshwa. Walipewa ramani, ratiba za treni, mafumbo ya hesabu, wakatakiwa wapate jibu. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu huishika lugha vizuri zaidi akili yake inaposhughulika na maana.

Mimi nikawa nawapa wanafunzi kazi za mji wetu. Waulize wauza nazi watatu bei zao, urudi utuambie wewe ungenunua kwa nani na kwa nini. Mwulize dereva wa gari ya Nungwi anaondoka saa ngapi na anapita vijiji gani. Panga taksi ya kukupeleka bandarini kesho. Hii ya taksi sitaisahau. Kijana mmoja alitaka boti ya asubuhi, akamwambia dereva, "Kesho saa saba." Yeye alikuwa akihesabu kwa saa ya kwao. Dereva alikuja bila kuchelewa hata dakika moja, saa saba mchana, na boti ilikuwa imeshafika Dar es Salaam. Nilikuwa nimemaliza siku tatu nikifundisha saa za Kiswahili kwa picha za saa ubaoni. Baada ya boti ile kuondoka, hapana mtu darasani aliyekosea tena kwamba saa moja asubuhi ni baada tu ya jua kuchomoza.

Na wanazungumza, hilo ni kweli. Fanya hesabu mwenyewe. Ukisimama mbele ukawauliza mmoja mmoja, na wewe ukachukua nusu ya zile dakika 90, wanafunzi 12 wanagawana dakika 45. Kila mmoja hapati hata dakika nne. Ukiwagawa wawili wawili kwa saa nzima, kila mmoja ana dakika 30 za kutumia kinywa chake. Mtu wa kukariri atasema naye anawagawa wawili wawili, na ni haki yake. Tofauti ni kwamba katika kukariri mdomo unafanya kazi na akili imekaa. Sokoni vyote viwili vinatoka jasho.

Lakini njia hii nayo ikanipa mwanafunzi wa kunisikitisha. Alikuwa mhandisi wa maji, mchangamfu, hana haya. Katika miezi mitatu alikuwa anazungumza kwa kasi ya cherehani, na kila sentensi imepinda: "kitabu yangu", "watu mingi", "maji imekwisha". Sokoni hapana aliyemsahihisha, kwa sababu walimwelewa, na walimpenda. Nairobi pengine asingeshangaza mtu, maana wako wengi mjini kule wanaosema hivyo na mambo yao yanakwenda. Yeye lakini alikuwa anakwenda kufanya kazi na kamati za vijiji huku kwetu. Aliposimama kikaoni kueleza mradi wake, wazee walimsikiliza kwa upole, kisha wakamjibu polepole kwa sauti ya juu, kama anavyosemeshwa mtoto. Aliniambia mwenyewe, na ilimchoma. Tulijaribu kuzinyoosha ngeli zile pamoja miezi miwili. Zilikuwa zimeshakauka.

Mwaka 1985 Merrill Swain, mtafiti wa lugha, aliandika juu ya watoto wa Kanada, wasemaji wa Kiingereza, waliosomeshwa kwa Kifaransa miaka mingi. Walikuwa wakielewa karibu sawa na wenye lugha, lakini walipozungumza makosa yalikuwa palepale. Hoja yake ni kwamba kuelewa hakutoshi, na kueleweka hakutoshi. Lazima pawe na kitu kinachomsukuma mzungumzaji aseme kwa usahihi zaidi. Muuza samaki hana kazi hiyo. Yeye anataka kuuza.

Kilichoniamulia

Kwa muda mrefu nilidhani swali ni lipi bora kati ya haya mawili. Kilichonigeuza ni kujisikiliza mwenyewe asubuhi moja nikitoka nyumbani. Nilipishana na jirani. "Hujambo?" "Sijambo." "Habari za tangu jana?" "Nzuri." "Watu wa nyumbani hawajambo?" "Hawajambo, wanakusalimu." Kisha, baada ya hayo yote, ndipo akaniambia kuwa mtoto wake hakulala kwa homa.

Hakuna neno hata moja kabla ya ile homa ambalo jirani yangu alilibuni. Yote tumeyakariri, yeye na mimi, tangu utotoni. "Nzuri" ile haikuwa taarifa ya afya ya mtoto, ilikuwa mlango. Na milango ya namna hiyo Kiswahili kinayo mingi: hodi na karibu, shikamoo na marahaba, "poleni na msiba" na "tumeshapoa", "karibu chakula" na "ahsante, starehe". Mzawa mwenyewe haya hayatungi. Kwa nini basi nimtume mgeni akayatunge sokoni?

Upande wa pili ni lugha ambayo hapana mtu, mzawa wala mgeni, anayejua itakwendaje: bei, njia, kueleza unapoumwa, kukataa bila kuvunja urafiki. Hiyo ukiikaririsha unamdanganya mwanafunzi, kwa sababu unampa jibu la swali ambalo halitaulizwa.

Kwa hiyo kigezo changu sasa ni kimoja. Kabla ya kila somo najiuliza: jambo hili sisi wenyewe tunalisema kama tulivyolikariri, au tunalitunga papo hapo? La kwanza wanalikariri, tena kwa ukali. La pili wanatumwa.

Ukilitazama hivyo, hata suala la makosa linajipanga. Anayekosea ngeli akinunua ndizi anapata ndizi zake. Anayempita mzee barazani bila shikamoo, au akamwambia "Mambo?", ameudhi, na mzee hatamwambia. Basi maamkizi nayasahihisha palepale, hata mara kumi, mpaka yatoke yenyewe. Katika kazi sikatizi mtu. Nakaa pembeni na daftari, naandika sentensi ninazozisikia bila majina. Dakika 15 za mwisho naweka sita ubaoni, na wanafunzi wenyewe wanazitengeneza. Angalau tatu huwa za ngeli.

Hapa nataka kumwonya mwenzangu juu ya namna ya kusahihisha tunayoipenda sote kwa sababu ni ya upole. Mwanafunzi anasema, "Nimesahau kitabu yangu." Mwalimu anajibu kwa tabasamu, "Aa, umesahau kitabu chako!" Mwanafunzi anasema, "Ndiyo," anaendelea. Hakusikia kama amesahihishwa, alidhani unamkubalia. Watafiti Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya Kifaransa huko Kanada, wakachapisha matokeo 1997: zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya namna hii, na ndiyo yaliyowafanya wanafunzi wachache zaidi wajirekebishe. Mimi siku hizi nasema tu, "Kitabu…?" kisha nanyamaza.

Na kunyamaza ni kazi ngumu kuliko zote. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aliwasikiliza walimu wa sayansi akakuta kwamba baada ya kuuliza swali husubiri kama sekunde moja tu, kisha hujijibu au humwita mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakarefuka na hata wale wakimya wakaanza kusema. Hesabu tatu kimoyomoyo mbele ya mtu anayetafuta neno, utaona zilivyo ndefu. Muuza samaki hutushinda hapa, maana anataka noti ile ya kumi, na atasubiri.

Gharama upande wa mwalimu

Kukariri ni rahisi kutayarisha. Karatasi moja hutumika miaka kumi, mvua ikinyesha somo lipo, mwanafunzi mwenye haya hajifichi kwa sababu maneno yamo mkononi. Usilidharau hilo la haya. Nimeona watu wazima, maprofesa kwao, wakitetemeka kwa kuogopa kuchekwa, na mazungumzo ya kukariri yaliwapa sauti wiki ya kwanza.

Kazi zinadai zaidi. Ni lazima uwe umeshapita sokoni mwenyewe ukawaomba ruhusa watu wa pale, uwagawe wanafunzi wasivamie kibanda kimoja, na wanunue kweli. Kumwuliza mtu bei mara 12 na kuondoka mikono mitupu ni kumpotezea riziki. Masika hufuta mpango wote. Mwezi wa Ramadhani sitawatuma mchana: watu wamefunga, jua kali, si wakati wa kumfundisha mgeni tofauti ya "huyu" na "huyo". Jioni karibu na futari ndiyo soko lina uhai, lakini kila mtu ana haraka ya kufika nyumbani. Basi mwezi huo najaza zaidi maamkizi na adabu za kukaribishana, na unakuja vizuri kwa sababu wanafunzi wanaalikwa futari na kuyatumia usiku uleule.

Kwa anayefundisha mtandaoni, kazi hazifi. Mpe mmoja ratiba ya boti na mwingine bei za tiketi, wasionyeshane, wapange safari kwa maneno tu. Au mtume mwanafunzi ampelekee mtu ujumbe wa sauti kwa WhatsApp na akuletee jibu.

Kuna zoezi moja linalozikutanisha njia hizi mbili, na kama mwenzangu atachukua kitu kimoja tu kwangu, achukue hili. Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji wa lugha, ameliandikia sana. Mwanafunzi akirudi sokoni anamsimulia mwenzake yaliyompata kwa dakika nne. Halafu anabadilishiwa msikilizaji, anasimulia yaleyale kwa dakika tatu. Kisha wa tatu, kwa dakika mbili. Ni kurudia kulekule kwa kukariri, ila anachokirudia ni kisa chake mwenyewe, kwa maneno yake. Mara ya kwanza anababaika, ya tatu anatiririka. Ningekuwa nalo siku za yule mhandisi, ningeweka ngeli zake katikati ya mara ya kwanza na ya pili, wakati bado ni udongo mbichi.

Nani apewe nini

Taasisi ya Marekani inayofundisha wanadiplomasia wake hukikadiria Kiswahili wiki 36, zaidi ya saa 800 za darasani, kwa msemaji wa Kiingereza afikie kiwango cha kukifanyia kazi. Mtu anayekuja kwetu wiki mbili, saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, ana saa 40. Ukimtuma sokoni kila siku utakuwa umempa hofu na mapapai. Huyu mpe kukariri kwa theluthi mbili ya muda: maamkizi yote, hodi, shukrani, pole, namba, saa. Theluthi iliyobaki atumwe kazi ndogo ambazo hawezi kushindwa, kama kununua maandazi mawili.

Mwenye miezi mitatu na zaidi ageuziwe. Dakika 15 za mwanzo kukariri, kisha kazi, kisha ubao. Anayekwenda kuishi Nairobi au bara mbali na pwani punguza mazungumzo ya kuandikwa hata zaidi, maana uliyoyaandika kwa masikio ya Unguja hatayakuta kule. Anayejitayarisha kwa mtihani wa kuzungumza asikubembeleze umpe majibu ya kukariri. Mtahini hubadilisha swali la pili, naye atakuwa daktari wangu na pono wake. Mtoto au kijana mwenye jamaa waswahili Ulaya, anayeelewa kila kitu nyumbani ila anajibu kwa Kijerumani au Kiingereza, hahitaji kukariri chochote. Huyo ni wa kutumwa tu, tena kwa bibi yake.

Na gumzo huru, lile la "leo tuzungumze chochote"? Mimi silihesabu kuwa njia. Wawili wenye maneno huzungumza, kumi husikiliza.

Mwisho kuna wale ambao hawamo katika kundi lolote. Mwaka jana nilipata mama wa miaka 68. Mwanawe kaoa Pemba, na yeye alitaka kuzungumza na upande wa mkwewe. Siku ya tatu watoto wa jirani walimwambia, "Shikamoo!" naye kwa bidii akawajibu, "Shikamoo!" Watoto walikimbia wakicheka. Kosa lilikuwa langu. Mazungumzo yangu yote niliyaandika nikidhani mgeni ni kijana, kwa hiyo yeye ndiye wa kuamkia. Hakuna ukurasa uliompa nafasi ya kuamkiwa. Tukaanza upya na marahaba, mpaka ikawa inamtoka kabla mtoto hajamaliza kusema.

Kabla hajaondoka tulipiga simu ya video Chake Chake, kule Pemba. Wajukuu walijipanga, wakamwamkia mmoja mmoja, naye akawaitikia wote, "Marahaba, wanangu. Mmekula?" Wakamwambia wamekula wali kwa pweza. Mimi nilikuwa pembeni na daftari langu. Alinyamaza, nikahesabu tatu. Akauliza, "Nani kampika?" Simu haikukatwa mpaka dakika 20 baadaye.